Chupa ya Tatu

Jumamosi asubuhi, Kavinya alifungua kabati la vyombo, akazitoa chupa tano moja moja na kuzipanga mezani. Ya kwanza, maji meupe. Ya pili, meupe. Ya tatu ilikuwa nyeusi tititi kama masizi ya sufuria, na ya nne na ya tano vilevile.

Akakaa kwanza. Zote alizijaza juzi kwa kufuata mto kutoka juu kwenda chini, na ile ya tatu aliijaza maji ya mto Lumi yakimfika magotini, nyuma ya migomba yake.

Alikuwa mkulima wa ndizi huko Bomeni, mjane wa mwaka wa tano. Aliolewa Taveta kutoka Kibwezi, na shamba alilolima lilikuwa sehemu ya ardhi ya ukoo wa marehemu mumewe. Hati ya ardhi hiyo aliishika shemeji yake mkubwa, Munyoki, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyejenga vyumba vya kupangisha kando ya mto. Kavinya hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mvua za Aprili ziliposababisha watoto wa mtaa kuharisha mfululizo, na bintiye Valarie akalazwa siku nne akiwekewa maji ya mshipa, alijiunga na kikundi cha kutunza mto. Afisa wa afya alipoleta chupa zenye dawa inayogeuka nyeusi ikikutana na uchafu wa choo, wenzake walimchagua yeye azishughulikie. Walijua hafanyi kazi nusunusu.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Munyoki, naye alishaamua mkosaji ni nani: vijana wa bodaboda wanaooshea pikipiki darajani, wakiongozwa na Morris. Jumapili baada ya ibada wanakikundi wangekutana kuwafukuza.

Daraja lilikuwa chini zaidi, karibu na alipojaza chupa ya nne. Kati ya ya pili na ya tatu palikuwa na migomba yake na ploti ya Munyoki, basi.

Alitoka akafuata mpaka wa shamba hadi ukingoni. Chini ya rundo la majani makavu ya migomba, aliona mdomo wa paipu. Harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili.

"Unatafuta nini huku, Mama Valarie?"

Munyoki alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shemeji, hii paipu inatoka wapi?"

Munyoki aliyasukuma majani kwa kiatu, akaifunika tena. "Shimo la choo lilijaa wakati wa mvua. Ni ya muda tu."

"Muda gani? Mtoto wangu alilazwa Aprili. Sasa ni Agosti."

"Sikiliza. Mwaga hizo chupa, useme ziliharibika. Vijana wataondoka, na mimi nitachimba shimo lingine polepole." Kisha akashusha sauti. "Na ukumbuke unalima kwa nani."

Siku nzima maneno hayo yalimkaa kifuani. Aliunguza maharagwe, akamfokea Valarie bure, akazitia chupa kwenye kapu, akazitoa, akazitia tena. Jumapili kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Darajani walikusanyika watu kama arobaini. Morris na wenzake walisimama upande wa pili, mikono kifuani, pikipiki zao zikiwa nyuma yao.

"Mama Valarie atusomee matokeo ya chupa, halafu tupige kura," alisema Munyoki, bila kumwangalia.

Kavinya alizipanga chupa ukutani mwa daraja. Watu walisogea.

"Hiyo ya tatu ulichota wapi?" aliuliza Teresia, katibu.

Kavinya alinyoosha mkono kuelekea migomba yake. "Nyumbani kwetu."

Watu walimgeukia Munyoki.

"Umechanganya chupa wewe," alisema Munyoki.

"Basi twende sasa hivi, shemeji. Uchote mwenyewe, watu wakiona."

Teresia alikuwa wa kwanza kuondoka. Wengine wakafuata, na vijana wa Morris nao. Lakini Munyoki aliwatangulia, akasimama langoni mwa ploti yake na kutanua mikono.

"Huku ni kwangu. Hakuna mtu anapita!"

Morris alipiga hatua mbele, ngumi imekunjwa. Kavinya akamshika mkono.

"Tupitie kwangu," alisema.

Wakapita shambani kwake wote, wakikanyaga machipukizi ya migomba aliyoyapanda mwezi uliopita. Ukingoni aliinama, akayaondoa majani kwa mikono yake.

Hakuna aliyehitaji chupa tena.

Paipu iling'olewa siku hiyohiyo. Afisa wa afya alimpa Munyoki wiki tatu achimbe choo mbali na mto, naye akachimba. Uenyekiti aliuacha bila kuaga. Morris na wenzake hawakufukuzwa, ila Teresia aliwahamisha kutoka ukingoni kwa sababu ya sabuni na oili, na wakahama wakinung'unika.

Mwezi wa Oktoba chupa zilijazwa upya, na ya tatu na ya nne zilibaki nyeupe. Ya tano bado ni nyeusi, na sababu yake haijajulikana. Suala la shamba, ambalo Munyoki sasa anataka kumnyang'anya, nalo limefikishwa kwa chifu mara mbili bila uamuzi. Kila asubuhi Kavinya humwamkia shemeji yake mpakani, naye humpita kama hajamwona. Kisha Kavinya huingia shambani, akapanda upya palipokanyagwa.