Mchuzi wa Bologna

Juzi, nikisubiri kwa daktari wa meno Croydon, nilifungua jarida lililoeleza wapi pa kula vizuri Bologna, Modena na Parma, huko Italia. Waliandika kwamba mchuzi wa nyama wa Bologna huanzwa kwa mafuta ya nguruwe. Nikalifunga kwa hasira.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa wageni Landani, tumekimbia Unguja baada ya mapinduzi. Baba aliosha vyombo kwenye mkahawa wa Mtaliano, na mchana mmoja alinipeleka kazini kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Jiko lilinukia siagi na jibini. Tajiri wake aliniwekea sahani ya tambi zenye mchuzi wa nyama, zinazofuka mvuke. Nikauliza kama nilivyofundishwa, "Nyama gani?"

"Ya ng'ombe tupu," akasema, akakonyeza. Nilifurahi, nikidhani ananikonyeza mimi. Kumbe alimkonyeza mpishi aliyesimama nyuma yangu. Mtu mzima na mvi zake, anamchezea mtoto wa watu.

Nilitia tonge mdomoni. Baba, ambaye kila siku alisugua sufuria la mchuzi ule, alikuja mbio akanikingia kiganja chini ya kidevu. "Tema, mwanangu. Tema yote." Wale wawili wakacheka. Nikalia kwa aibu, nikamchukia baba, si wao.

Hakurudi tena kazini pale. Siku ile, tukienda kituo cha basi, alininyooshea mkono, ule ule uliokinga mate yangu. Nilikataa kuushika mpaka nyumbani.