Mama Mkwe na Kisaa cha Kengele

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Newala, huku nikiandika utafiti wa shahada ambao ulikuwa haumaliziki. Mwalimu mwenzangu akanipa mbinu: tega saa dakika ishirini na tano, fanya kazi moja tu, ikilia pumzika kidogo, kisha rudi. Nikanunua kisaa cha jikoni cha kuzungusha, nikatangaza nyumbani: kikiwa kinahesabu, hakuna kunisemesha.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akafika kutoka Lupaso na kiroba cha makopa ya muhogo.

"Shikamoo mama. Samahani, kengele ilie kwanza ndipo tuongee."

Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. Akakaa sebuleni, akatoa ukili wake, akaanza kusuka mkeka. Kengele ilipolia nikamletea chai. Akachukua kisaa mezani, akakizungusha mpaka ishirini na tano.

"Mama, chai itapoa."

Akaweka kidole mdomoni. Nikasimama na sinia yangu kama mhudumu wa harusi.

Kesho yake nilifanya ujanja. Nilitega kisaa, nikafunga mlango, nikalaza kichwa juu ya karatasi na kusinzia vizuri kabisa. Nilishtuliwa na kengele sikioni. Mama mkwe alikuwa ameingia, amekishika kisaa yeye.

"Umeandika kiasi gani?"

"Ukurasa mmoja, mama."

"Huo ulioko shavuni?"

Nikajipapasa. Wino ulikuwa umehamia usoni. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, nami aibu ikanigeuka kicheko.

Tangu siku hiyo akahamishia kazi yake mlangoni pangu, akawa mlinzi. Jioni moja mwalimu mkuu alikuja kufuata rejesta. Nikamsikia mama mkwe: "Karibu baba, kaa. Zimebaki dakika tisa."

"Namhitaji mara moja tu, mama."

"Tisa."

Nilichungulia dirishani. Bosi wangu, suruali imenyooshwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamchania mama mkwe miyaa ya mkeka kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilirudi mezani haraka, maana sasa nisingethubutu kulala.

Sura mbili zilizonishinda mwaka mzima nilizimaliza kabla hajaondoka. Mkeka wake ulikamilika siku mbili kabla ya sura zangu, na akahakikisha mtaa mzima umeijua habari hiyo.