Mtu wa Kwanza Kuambiwa

Mdogo wangu hajazaa, lakini ukimwona na binti yangu utadhani mimi ndiye mgeni niliyekuja kusalimia. Anauza mitumba, kazi ya kuinama kutwa nzima, na jioni akipita kwangu hajavua hata viatu, keshaitwa: "Mama mdogo, njoo tujenge!" Wanajenga nyumba kwenye mchezo wa simu. Mtu mzima na akili zake anakaa sakafuni, anauliza mlango wa nyumba hiyo unafunguliwaje. Hajui kucheza hata kidogo. Mtoto anamcheka mpaka anakohoa, naye anacheka. Mimi niko jikoni namenya vitunguu, nasikia yote, roho inaniuma.

Mimi ni msusi. Natoka asubuhi, narudi vidole vimekufa ganzi. Simu ile nimeinunua mimi, bando naweka mimi, na sheria nimeweka mimi: nikiona upuuzi wowote humo, naichukua na hairudi. Mzazi gani asiyesema hivyo?

Basi shule ikaita wazazi, tuzungumze habari za watoto na mtandao. Nikavaa nikavalika, nikamchukua mdogo wangu anisindikize. Laiti ningemwacha na mitumba yake! Mwalimu wa kompyuta hakutuhutubia. Aliwaingiza watoto ukumbini akawaambia, "Kila mmoja aende akasimame na mtu ambaye angemwambia kwanza, kama kuna kitu mtandaoni kimemtisha." Nikasogeza kiti changu, binti apate nafasi ya kusimama. Akaja mbio, akanipita, akasimama kwa mdogo wangu.

"Safi sana!" mwalimu akasema. Safi kitu gani! Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tulivyoambiwa. Nani alimbeba tumboni? Nani alikesha na homa zake? Leo mwenzangu anakuja na kicheko chake, anavuna.

Tangu hapo mdogo wangu akibisha hodi namwambia mtoto amelala, na jua bado linawaka. Nikaanza kujipendekeza kwa mwanangu mwenyewe, jamani! Nikakaa sakafuni na mimi, nikamwambia anionyeshe huo mchezo. "Huyu nani? Na huyu? Unamjua? Kwao wapi?" Akanitazama, akasema ana kazi ya shule.

Alasiri moja nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama, wakaingia saluni wote wawili wameshikana mikono. Nikaona hiyo mikono kabla sijaona nyuso.

"Dada," mdogo wangu akasema, "mtoto amenifuata kwenye mitumba akitoka shule, ana neno. Nimemwambia hili siwezi kukaa nalo, lazima mama yake ajue."

Mtoto akalitoa kwa vipande. Kwenye mchezo kulikuwa na mtu anayejiita msichana wa rika lake. Alimsifia nyumba zake, akampa zawadi za humo mchezoni, wakapiga soga kama marafiki. Kisha akaomba picha ya binti yangu akiwa amevaa sare ya shule. Mtoto akatuma. Halafu akaomba picha ya aibu, ambayo mdomo wangu hauwezi kuitaja. Hiyo mtoto hakutuma. Ndipo yule mtu akabadilika: "Usipotuma namwambia mama yako, akunyang'anye simu." Alijua sheria ya nyumba yangu, maana mtoto alikwisha kumsimulia.

"Tumemzuia asimpate tena," mdogo wangu akasema. "Hatujafuta kitu. Ujumbe wote mwalimu ameuona, na anakungoja mwende polisi. Wewe ndiye mzazi, dada."

Ati mwalimu! Kumbe hata mwalimu amejua kabla yangu. Mimi nimekuja kuambiwa mwisho, sambamba na mteja wa kusuka! Wivu ukanipanda, nikaona mtoto wangu amesimama pale anatetemeka, na bado neno lililonitoka likawa hili:

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akarudi nyuma. "Mama mdogo aliniuliza kama nimeogopa," akasema.

Mteja wangu akainamisha kichwa chake cha nusu. Mdogo wangu akamshika mtoto bega, na mimi nikakosa wa kugombana naye. Nikauliza, "Uliogopa, mwanangu?"

Akaitikia kwa kichwa, uso ukakunjamana, akaangua kilio. Nikatupa chanuo, nikanyoosha mikono yote miwili. Lakini mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu, na mtoto akalilia kifuani kwake.