Pindo Nililolizima Kwenye Mchoro

Nimekosa, na sitaki kuzunguka. Kuna mwanamke hapa Johannesburg ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena, na chanzo ni mimi. Kwa miezi minne nilimwacha aamini kwamba ni uzembe wake mwenyewe.

Jina langu siliweki. Wanaonijua watanitambua wakisoma, na ni sawa tu.

Mimi ni mchoraji, lakini si wa picha. Nachora vitu vya bati kwenye kompyuta: makabati, rafu za maduka, majiko ya kuchomea nyama. Kwetu ni Kigoma, na hapa huu ni mwaka wangu wa tisa. Kwenye karakana niliyokuwa nafanya kazi, mchoro wangu ulikwenda kwenye mashine ya leza inayokata bati, kisha bati likaenda kwenye mashine ya kukunjia. Maana yake nikikosea mimi, wote wanaonifuata wanakosea bila kujua.

Huyo mwanamke nitamwita Mama Neema. Ni Mkongo wa Uvira, ana saluni mtaa wa Yeoville, chini ya ghorofa ninayoishi. Nilipofika mji huu nilikuwa simjui mtu. Siku moja nimesimama nje ya mlango wake naongea Kiswahili kwenye simu, akanisikia.

"Petit, wewe ni wa wapi?"

Petit ni mdogo, kwa Kifaransa chao. Nikamwambia Kigoma. Akacheka sana. "Basi sisi ni watu wa ziwa moja. Ingia, iko sombe."

Sombe ni kisamvu. Nilikula siku hiyo, na siku nyingi baada ya hiyo. Nilipougua, yeye ndiye aliyepanda ngazi kuniletea uji. Tunasali kanisa moja. Nilimwita yaya, dada mkubwa, na hakuna aliyetuuliza kama ni ndugu wa damu.

Sasa nisikilizeni nilivyoharibu.

Mwaka jana karakana ilinunua toleo jipya la programu ya kuchorea. Mimi ndiye niliyeisifia mpaka meneja wetu, Sis' Thandi, akakubali. Katika ile ya zamani kila mkunjo nilikuwa nauchora kwa mkono, na mteja akitaka trei iongezwe upana kidogo, naanza upya. Hii mpya unaiambia tu: hapa kunja, hapa weka pindo. Ukibadilisha kipimo kimoja, vingine vinafuata vyenyewe. Mwishoni inalikunjua bati lote liwe bapa, tayari kwa kukatwa. Sis' Thandi akanikabidhi kazi ya kuhamisha michoro yetu yote na kuiboresha. Nilivimba kichwa, nakiri. Kila aliyepita kwenye meza yangu nilimwonyesha.

Pindo ni nini? Fundi nguo anakunja mwisho wa suruali ili nyuzi zisifumuke. Sisi tunakunja ukingo wa bati urudi ndani kwa sababu bati likishakatwa lina makali kama wembe. Pindo ndilo linalofanya mkono wa mtu upite salama. Hakuna sababu nyingine.

Duka moja la vifaa vya nywele likatuagiza vigari vya saluni, vile vya magurudumu, vyenye trei tatu. Kazi yangu ya kwanza kubwa na programu mpya. Ijumaa asubuhi trei mbili za juu zilikuwa tayari, ya chini ikanigomea. Ilikuwa na umbo tofauti, na kwenye kona ya nyuma mapindo mawili yalikutana yakagongana. Alama nyekundu. Nikajaribu hivi na vile, programu inakataa kulikunjua bati.

Sis' Thandi alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili. "Leza imesimama, inakusubiri wewe. Si ulisema hii programu ni ya haraka?"

Ningeweza kumwambia, Sis, hii kona sijui inavyofanywa, nipe hadi Jumatatu. Maneno hayo hayazidi kumi. Sikuyasema. Niliona aibu, baada ya majigambo yote yale.

Nikalichagua pindo la nyuma la trei ya chini, nikalizima. Ukilizima halifutiki. Linabaki kwenye orodha, limegeuka kijivu, programu inafanya kama haipo. Alama nyekundu ikaondoka papo hapo, bati likakunjuka, nikatuma faili. Nikajiambia Jumatatu nitalirudisha.

Hadi hapo labda mngeniita mvivu tu. Ila mchana ule alinifuata Ntate Elias.

Ntate ni heshima ya Wasotho kwa mzee. Ntate Elias ndiye wa mashine ya kukunjia, mtu wa miaka mingi kwenye kazi hiyo, amekunja bati kabla mimi sijajua kushika penseli. Alikuja na karatasi ya mchoro mkononi, bado amevaa glavu.

"Mwanangu, hapa nyuma pindo liko wapi? Huu ukingo ni kisu."

Nikamjibu bila hata kugeuza kiti. "Mteja amebadilisha, Ntate. Wataweka mpira wenyewe dukani."

"Wamesema?"

"Wamesema."

Akaniangalia kidogo. "Sharp," akasema, yaani sawa, akarudi kwenye mashine yake.

Hakuna mteja aliyesema chochote kuhusu mpira. Habari hiyo niliitunga hapo hapo, ikatoka laini kama ukweli.

Jumatatu ikaja na kazi nyingine. Vigari vilikwenda dukani, duka likasifu, Sis' Thandi akanipongeza mbele ya watu. Nikasahau. Au niseme kweli: sikusahau, nilikwepa kukumbuka.

Mama Neema alikuwa anatafuta kigari kipya. Mimi ndiye niliyemwambia kipo, mimi ndiye niliyekwenda naye kukinunua, na ni mimi niliyekibeba kutoka kwenye teksi mpaka saluni. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti aliambiwa: "Unaona hiki? Ni petit wangu alikichora, kwa ordinateur!" Nami nikiisikia hiyo ordinateur, yaani kompyuta, nacheka, nafurahi. Yaani nilifurahi kabisa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saluni imejaa. Wanaofanya kazi hiyo wanajua nywele za bandia zinavyojizungusha kwenye magurudumu hadi yanakwama. Kigari kilikwama. Mama Neema akainama, akashika trei ya chini kwa nyuma ili akiinue atoe zile nywele. Juu kulikuwa na mashine ya kukaushia na chupa za mafuta. Kikaelemea upande, uzito wote ukashuka kwenye kiganja chake, na ukingo ukateleza ndani ya nyama.

Nilikuwa juu nafua. Nilisikia makelele, nikashuka mbio. Nilimkuta amekaa sakafuni, mkono umefungwa taulo, taulo limelowa. Mbele yangu kigari kilikuwa kimelala ubavu. Nawaambia jambo la aibu: nilitazama ukingo wa trei kabla sijatazama mkono wake. Nikajua.

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Kwenye benchi, tukisubiri, nilimshikia mkono juu kama nesi alivyoagiza. Mama Neema ndiye aliyenifariji mimi.

"Usiogope, petit. Ni mimi mwenyewe nilikamata mubaya. Niko na haraka sana, kila siku niko na haraka."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Vitu vya bati vinataka uangalifu, yaya."

Hayo maneno ndiyo yananiamsha usingizini, zaidi ya damu.

Daktari alisema kano zinazovuta vidole viwili zimekatika. Walimshona, wakampa mazoezi ya kufanya na mpira mdogo. Alifanya yote. Vidole vikabaki vimenyooka. Sijui kama mnaelewa kazi ya kusuka rasta ndogo inavyotegemea vidole vya mwisho, vinavyoshikilia nyuzi wakati vingine vinapitisha. Wanawake walikuwa wanatoka Pretoria kumfuata yeye. Sasa anaosha nywele kwa mkono mmoja na kuwaelekeza wasichana wawili wanaosuka kwenye kiti chake. Wakikosea, mkono wake unanyanyuka wenyewe kurekebisha, halafu anaurudisha mapajani.

Jumatatu baada ya ajali nilifungua ule mchoro. Nikasoma maelezo ya programu, kwa utulivu, mara ya kwanza. Dawa ilikuwa ni kukata ncha za mapindo mawili kwa mshazari ili yakutane bila kugongana. Nikalirudisha pindo, nikakata, alama nyekundu haikutokea. Nilitazama saa ya ukutani. Nusu saa haikufika.

Nikahifadhi faili na kunyamaza. Sikusema lolote kuhusu vigari vilivyokwishatoka.

Kanisani Mama Neema alisimama kuomba maombi. Alisema Mungu amemwachia vidole vitatu, anashukuru, na watu wamwombee apunguze haraka zake zilizomletea balaa. Kanisa zima likasema amina. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilisema amina na mimi.

Kilichonitoa mafichoni, miezi minne baada ya ajali, ni oda ya pili ya duka lile lile. Ntate Elias alikuja mezani na mchoro mpya, akaweka kidole kwenye trei ya chini.

"Pindo limerudi. Kwa nini?"

Nilitaka kutunga tena. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikashindwa. Nikamweleza yote: Ijumaa ile, mpira ambao haukuwapo, Mama Neema.

Hakupaza sauti. "Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Ntate."

"Ungeniambia kompyuta imekushinda, ningeikunja mwenyewe bila mchoro. Au ningepiga msasa ule ukingo, trei moja baada ya nyingine. Ni kazi ya asubuhi moja." Akavua glavu, akazitazama. "Mikono iliyotengeneza kile kisu ni hii. Umenifanya nimkate mama wa watu."

Kisha akasema, "Inuka. Twende kwa Thandi."

Tulikwenda. Sis' Thandi alisikiliza amesimama, kabla hata sijamaliza alikuwa ameshika simu anapiga dukani. Vilivyobaki vikaondolewa. Wanunuzi waliopatikana wakaitwa wavirudishe. Lakini vingi viliuzwa kwa watu wasioacha jina wala namba, vikaenda mitaani. Kazi yangu iliisha wiki hiyo, na sikuwa na la kujitetea.

Siku ile ile ya kukiri kwa Sis' Thandi nilishuka saluni. Niliwaomba wale wasichana watupishe. Nilimwambia Mama Neema kila kitu, nimesimama, kwa sababu sikuona nastahili kukaa.

Alisugua vile vidole viwili. Halafu akauliza.

"Siku ya hôpital, vile uliniambia bati inataka uangalifu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, yaya."

"Na kanisani? Vile ulisema amina?"

"Nilikuwa najua."

Nilitegemea anipige, au alie. Aliinuka, akafungua mlango, akawaita wasichana warudi kazini. Mimi nikatoka.

Imepita miezi sasa. Tukikutana kwenye ngazi ananisalimu, najibu, tunapishana. Hajawahi kumwambia mtu. Wateja wakimuuliza mkono umefanyaje, nimemsikia kwa masikio yangu kupitia dirishani: "Bati ilinikata." Basi. Ananisitiri, na sijui ni kwa huruma au ni kwa sababu hataki hata jina langu limpite mdomoni. Sithubutu kuuliza.

Ninyi mnaochora, vyovyote mnavyochora: programu ikiwashinda, semeni imewashinda. Aibu ya Ijumaa moja inaisha Jumatatu. Na mtu mwenye uzoefu akija kukuuliza swali, geuza kiti umtazame. Amekuja kukuokoa.

Na ninyi wenye saluni, Yeoville, Hillbrow, Soweto, kokote mliko: kama una kigari cha bati cha trei tatu kisichokuwa na jina la kiwanda, kitoe vitu vyote leo. Kilaze, tazama ukingo wa nyuma wa trei ya chini. Usiupitishe kidole. Pitisha gazeti. Likichanika, kirudishe ulikonunua, na kama huwezi, ufunike ule ukingo kwa mpira au utepe mnene kabla hujamwita mteja wa kwanza kukaa. Bado viko huko nje, na sijui viko kwa nani.