Mama, Umepata Nini?

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya kujifungulia, Kisumu mjini, nilipewa aproni iliyonizidi ukubwa na swali moja la kukariri. Sista Mkuu, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walimwogopa, alimwinua mtoto aliyezaliwa muda huohuo, akamgeuza ili mama yake aone vizuri, akauliza, "Mama, umepata nini?" Mama akajibu, "Kijana." Ndipo Sista Mkuu akanigeukia.

"Trufena, hapa hatumwambii mama. Yeye mwenyewe ndio anasema, na mdomo yake. Kesho mtu asikuje kusema tulimbadilishia mtoto."

Ndivyo tulivyofanya kazi ya ukunga enzi zetu, na nyinyi mlio wodini leo natumaini hamjaliacha swali hilo. Moyo wa mtoto tuliusikiliza kwa kipembe, kibomba kidogo unachokiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio. Kondo la nyuma likitoka tulilikagua pande zote kama fundi anavyokagua mshono, maana kipande kikibaki ndani, mama atavuja damu. Kazi hizo zote nilizipenda. Lile swali ndilo lililonichoma, kwa sababu mimi na mume wangu, Barnaba, tulikuwa tukiomba mtoto na hatumpati.

Mimi na Rosa, mkunga mwenzangu, tuliajiriwa siku moja. Rosa alipata mimba kila alipotaka. Mtoto wake wa pili nilimpokea mimi, nikamwinua, nikauliza, naye akacheka: "Si unaona, Trufena? Kijana tena!" Nilicheka naye, kisha nikaenda kusimama katika stoo ya mashuka, nikalia. Wengine wangeiita huzuni. Ulikuwa wivu.

Daktari mmoja wa mjini alipoanza kututibu mimi na Barnaba, niliomba nisihamishwe. Niliomba ofisini, nikaomba na kanisani. Afisa wa Afya akamwacha Rosa Kisumu, akanipeleka mimi Ahero.

"Mungu ana mpango," Rosa aliniambia nikifunga sanduku.

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na watoto wawili na nyumba mjini, mtaa wa Migosi.

Ahero mvua ikizidi, maji huingia mpaka jikoni. Usiku mmoja mafuriko yalifunga barabara, nikabaki peke yangu zahanatini na mama aliyekuwa na uchungu wa mtoto wa sita. "Huyu hata sikuwa nimempanga, Sista," akaniambia uchungu ulipompa nafasi. "Alijileta tu."

Mtoto akatoka amelegea, halii. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikamtoa ute puani kwa mpira wa kuunyonya, kisha nikamwekea usoni barakoa ya kupumulisha na kuanza kubinya mfuko wake wa hewa, taratibu. Mikono ilifanya kazi yake, lakini moyoni nilikuwa nikigombana na Mungu. Huyu mama hakukuomba. Mimi nimekuomba mpaka magoti yameota sugu. Umempa yeye, halafu unaniita mimi nije kumwokolea? Wakati huohuo nilikuwa nikimsihi Mungu huyohuyo asiondoke chumbani, maana hapakuwa na mwingine wa kumwita. Maombi hayo mawili yalitoka pamoja, na sikujua atasikia lipi.

Mtoto akapiga chafya, akalia.

Nikamwinua. "Mama, umepata nini?"

"Nyako! Msichana, Sista. Nimeona na macho yangu." Akanitazama, akaona machozi. "Na wewe, Sista? Wewe leo umepata nini?"

Nikageuka kushughulikia kondo.

Kutoka Ahero nilihamishiwa Pap Onditi, kule Nyakach, na huko ndiko nilikostaafia. Matibabu tuliyaacha njiani. Ndugu zake Barnaba walimshauri aoe mwingine, akakataa. Mimi nami niliendelea kuomba kila mara kabla ya kuvaa glavu, kwa sababu usiku ule wa mafuriko Mungu aliniacha nimkaripie nipendavyo, na bado mtoto akalia. Bosi mwingine angeniandikia barua ya onyo. Mtoto wangu hakuja.

Katika ibada ya shukrani nilipostaafu, Pasta alisema Mungu amenipa watoto wa Nyakach nzima. Rosa alikuwa amekuja na wajukuu zake, wakapiga makofi.

"Pasta," nikasema, "hao wote walienda nyumbani na mama zao."

Barnaba peke yake ndiye aliyecheka, akanishika mkono.

Nyinyi vijana mtaambiwa kwamba ukimwamini Mungu, mwishowe utaelewa. Mimi sijaelewa. Rosa akipita na wajukuu zake, bado najikuta nikiwahesabu. Lakini kila asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda, nafungua mikono yangu mitupu, na nasikia nikiulizwa lile swali la wodini. Najibu kwa mdomo wangu mwenyewe, kesho mtu asije akabisha: "Bado nina wivu, Baba. Na bado ni wewe ninayekuambia."