Mtoto wa Jirani

Juzi Baba aliwaonyesha wageni video kwenye simu yake. Kaka yangu Baraka, huko Amerika, anaruka katikati ya wanaume wawili na kuudaka ule mpira wao wenye umbo la yai, na uwanja mzima unalipuka kwa kelele.

"Uyu ni mutoto wangu!" Baba akasema. Mimi niliinamisha macho.

Nilikumbuka alasiri moja ufukweni, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani. Nilikuwa mabegani mwa Baba, tukiwatazama vijana wa mtaa wetu wakicheza mpira. Baraka alikuwa beki. Mpira ulipigwa juu, ukawa unaelekea kwenye ndagala za Mama Feza, nyuma ya goli letu. Baraka akaruka, akaudaka kwa mikono miwili. Ikawa penalti, tukafungwa.

"Ule mujinga ni mutoto wako?" mtu mmoja akamuuliza Baba.

"Hapana. Ni wa jirani."

Niliamini. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo.

Jioni Mama Feza alileta bakuli la ndagala kumshukuru Baraka. Tulipokaa kula, nilimuuliza kaka yangu kwa sauti ya upole, maana nilimhurumia sana:

"Baraka, weye utarudi kwenu lini?"

Mkono wa Mama ulisimama kwenye bugali. Baraka alimgeukia Baba, akingoja acheke. Baba aliendelea kutafuna zile ndagala, macho kwenye sahani.

Juzi pia, wageni walipoondoka, Baba hakuniangalia.