Mwenye Kioski wa Wuppertal

Mwenye kioski kilicho chini ya ngazi zetu, hapa Wuppertal, hutia peremende kwenye mfuko wa karatasi kwa koleo, moja moja, kama anayepanga mayai. Treni yetu inayoning'inia juu ya mto ikipita, hunyamaza katikati ya neno, kisha huendelea pale pale alipoachia. Sijawahi kumsikia akisifu kitu. Mkate ukiwa mtamu, "Si haba." Mjukuu wake alipozaliwa, "Si haba." Na mgeni akimuuliza mjini kuna nini cha kuona, humjibu bila kuinua macho: "Hamna kitu, mwanangu. Mvua na ngazi tu."

Juzi kijana wa Munich aliyeachwa na treni yake akamwitikia, "Kweli mama, hata mimi naona hamna kitu." Koleo likasimama hewani.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe?"

"Mimi nimezaliwa hapa, naruhusiwa! Wewe umefika saa ngapi?"

Akavua aproni, akanitupia funguo, "Jirani, nishikie duka," akamkokota kijana na begi lake hadi kwenye treni ya juu. Waliipanda toka mwanzo hadi mwisho wa njia. Waliporudi, kijana alikuwa amelowa chapachapa kwa mvua, treni yake ya pili imeshaondoka, na shingo bado kaigeuza anautazama mto.

"Haya, sema sasa."

Kijana akafikiri. "Si haba, mama."

Yule mama akainamia peremende zake, mashavu yamemwiva. "Jirani, umemsikia anavyotusifia mji? Mpaka naona haya."